Kupanga Sinza au kujenga Mpiji Magohe: nilichomjibu shemeji

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuja Jumapili moja na swali ambalo nadhani nusu ya wapangaji wa Dar es Salaam wanalala nalo. Wana milioni 12 benki. Mkataba wao wa nyumba ya vyumba viwili pale Sinza unaisha Januari. Wanalipa 350,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba ameshatamka kwamba safari hii anataka ya mwaka mzima kwa mpigo.

"Dada, tulipe tena, au tukatafute kiwanja huko kwenu?"

Huko kwetu ni Mpiji Magohe, ukishapita Mbezi Mwisho na kuiacha lami. Nilihamia mwaka 2018 baada ya kupanga Sinza miaka tisa, kwa hiyo pande zote mbili nimezila chumvi. Sikumjibu siku ile. Nilimwambia anywe chai kwanza. Haya ndiyo niliyomwandikia baadaye, nikayapanua kidogo kwa wengine wenye swali kama lake.

Kwanza tuelewane kuhusu hii pembezoni. Ukisikia habari za Marekani, mfano ule maarufu wa Levittown nje ya New York uliojengwa kuanzia mwaka 1947, kampuni ilijenga nyumba kwa maelfu zikifanana kama sare za shule, na aliyehamia alikuta barabara ipo na bomba linatoa maji. Kwetu mtu hutangulia, huduma zikamfuata zikichechemea. Unahamia, unawasha taa ya sola, unasubiri nguzo. Miaka inapita, mnakuwa wengi, ndipo diwani anaanza kuwajua.

Na Sinza yenyewe iliwahi kuwa pembezoni. Tofauti ni kwamba ilizaliwa na bahati: miaka ya 1970 serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kupeleka huduma za msingi ili watu wajenge kwa mpangilio. Ndiyo maana mpaka leo ukiwa Sinza gari la zimamoto linaweza kukufikia mlangoni. Zamu nyingine kubwa ilikuja mwaka 2002 na ule mradi wa viwanja 20,000, uliogusa Bunju, Boko, Mbweni, Tuangoma, Kisota, Buyuni na kwingineko. Sehemu kubwa ya pembezoni iliyobaki tulinunua kwa mzee mwenye mikorosho na shamba la mihogo, tukahesabu hatua kwa miguu na kuchomeka mti kila pembe.

Njia

Wengi huweka kodi upande mmoja na bei ya kiwanja upande wa pili, wakadhani wamemaliza hesabu. Mimi naanza na njia, maana kiwanja unakilipa mara moja, njia unailipa kila siku.

Kazi yangu iko Posta, tunaingia saa mbili. Nilipokuwa Sinza Mori nilitoka saa moja asubuhi, daladala mpaka Shekilango, halafu mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao, mpaka Posta ya Zamani. Dakika 45 kwenda, saa moja kurudi. Sasa natoka saa kumi na moja alfajiri, kukiwa bado giza: bodaboda, daladala mpaka Mbezi, basi mpaka Kimara, halafu mwendokasi ule ule. Nafika saa moja na nusu. Jioni natoka kazini saa kumi na moja, naingia ndani saa mbili usiku. Kwa siku moja tofauti na Sinza ni masaa matatu na dakika 45. Zidisha kwa siku 22 za kazi: masaa 82 na nusu kila mwezi niko njiani zaidi ya nilivyokuwa. Hayo ni karibu wiki mbili za kazi.

Kuna jambo moja ambalo dalali hatakwambia, na linatupendelea sisi wa mbali. Kimara ni mwanzo wa njia ya mwendokasi. Sisi tunapanga foleni, tunapata kiti, tunalala. Basi likifika Shekilango limejaa mpaka mlangoni, na watu wa Sinza wanalitazama likipita na sisi tumesinzia dirishani. Nimesimama pale kituoni Shekilango miaka miwili nikiwachukia watu wa Kimara, sasa mimi ndiye ninayechukiwa.

Jioni ndipo tunapolipia kiti hicho. Daladala za kwetu pale Mbezi zinapoingia stendi huwa zimeshajaa kabla ya kusimama. Watu hutembea nyuma mpaka kituo kinachotangulia, wakapanda gari linaloshusha, wakageuza nalo. Unalipa nauli mara mbili ili tu ukae. Mvua ikinyesha nauli ya kugeuza haitoshi, unaona mwanamume mzima na tai yake anapita dirishani, begi limetangulia. Mimi nina mbinu yangu: mama mmoja anauza karanga karibu na kituo, ananiwekea ndoo yangu ya mboga, kwa hiyo napanda mikono ikiwa mitupu. Mtu mwenye mizigo hashindi mbio zile.

Pesa yake sasa. Kwa nauli za wakati namwandikia, Sinza–Posta kwenda na kurudi ilikuwa 2,700. Mimi, na bodaboda ya usiku ambayo hupanda bei, natumia 6,500. Tofauti ya mwezi ni 83,600. Shemeji alikuwa anahesabu kwamba akihama "anaokoa" 350,000. Ondoa nauli inabaki 266,400, na hapo hujanunua tone la maji.

Maji, na vinavyotembea nayo

Nilipohamia, bomba lilikuwa hadithi. Tuliishi kwa boza. Ukiona simtanki limebaki robo unampigia mwenye gari, naye anakwambia "niko njiani mama", na huo njiani unaweza kuwa siku mbili. Kisima kilichochimbwa na jirani kilitoa maji ya chumvi: yanafua kwa shida, chai ikitengenezwa nayo mgeni anaacha kikombe nusu kwa heshima. Kwa hiyo unakuwa na maji ya aina tatu ndani ya nyumba moja. Ya chumvi kwa choo na kudeki, ya boza kwa kuoga na kufua, ya dumu kwa kunywa na kupika, na ole wako mgeni achanganye ndoo. Mpaka leo, ingawa bomba limefika mtaani, kiangazi nalipa boza kama 60,000 kwa mwezi. Kwa hesabu ya shemeji sasa tuko 206,400.

Lakini kumbuka Oktoba na Novemba 2022, Mto Ruvu uliposhuka na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, wakatangaza mgao jiji zima. Mdogo wangu alinipigia simu analia. Nyumba yao wapangaji wanne, hakuna tangi, bomba limekauka, na dumu la lita 20 limegeuka dhahabu. Alikuja kwangu na watoto kuoga. Mpiji Magohe hatukuwa na furaha, lakini tulikuwa na mazoea, na matangi yetu yalikuwa juu. Sinza maji yakiwepo yapo kweli, yakikatika huna pa kushika. Huku huyategemei, kwa hiyo hayakuvunji moyo.

Umeme ni habari fupi. Kwa bei zilizoanza Januari 2022, mjini kuunganishiwa wakati nguzo iko ndani ya mita 30 ilikuwa 320,960, na nguzo zikihitajika bei inapanda. Vijijini ilikuwa 27,000. Pembezoni ndipo watu wanapobishana kama wao ni mji au kijiji, kila mmoja akijua jibu linalompunguzia. Uliza bei kwa nguzo, usiulize "umeme upo?" Watakujibu upo, wanauona kwa macho kule ng'ambo ya bonde. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, popote ulipo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu Julai 2023. Kwa kanuni mzigo ni wa mwenye nyumba, ila mpangaji ndiye anayenunua umeme, basi yeye ndiye anayekatwa na kubaki kununa. Huku angalau unakatwa kwa nyumba yako.

Milioni 12 zinafika wapi

Zinafika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Nasema hivi kwa mtu aliyezoea picha za mtandaoni za nyumba ya vyumba vitatu. Kiwanja kikila nusu, kilichobaki kinaingia kwenye msingi (na msingi wa kilimani unameza tofali kama mchanga unavyomeza maji), boma linasimama, linta inafungwa, pesa imekata. Kupaua ni shughuli nyingine. Madirisha ya aluminiamu, grili, gipsamu, vigae, hivyo ni vya baada ya mikopo miwili ya kazini.

Sisi tulihamia pagale. Bati lilikuwepo, sakafu hakuna, madirisha mawili tuliyaziba kwa mbao na mifuko ya saruji. Watu husema "tulihama ili kukwepa kodi" kama utani, lakini ndivyo ilivyo: kodi na ujenzi haviendi pamoja, mmoja lazima afe. Mwaka wa kwanza nilifagia mchanga ndani kila asubuhi kama ninafagia uwanja. Ningefanya tena? Ndiyo. Lakini sikuwa na mtoto mchanga, na wao wanaye mmoja.

Sinza hakuna cha kuonyesha. Hilo ndilo linalowauma wapangaji wa miaka kumi. Ila tuwe wakweli: kuna wapangaji wanaolala saa tatu usiku wameshakula, watoto wameshafanya hesabu zao za shule, na kuna wenye nyumba wanaofika watoto wameshalala na kuondoka hawajaamka. Mume wangu mwaka ule wa kwanza alikuwa anamwona binti yetu Jumapili tu.

Karatasi

Hapa sitaki mzaha. Mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Si mabanda, nyumba za maana, nyingine za ghorofa. Wengi walikuwa na mkataba wa mauziano, mashahidi, sahihi na mhuri wa serikali ya mtaa. Hifadhi ya barabara haiangalii mhuri huo.

Kwa hiyo usinunue kwa maneno ya dalali na soda. Uliza kama eneo limepimwa, kama kuna ramani ya mipango miji, na namba ya kitalu na kiwanja ni ipi. Kama kipo kwenye vitabu, nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi, ujue jina lililosajiliwa ni la nani na kama hakijawekwa rehani. Kama hakijapimwa, angalau ongea na majirani wote wanne mliopakana nao, si mmoja. Jirani yangu wa chini alinunua kwa mtoto wa marehemu; miezi saba baadaye wakaja watoto wengine watano wa marehemu, kila mmoja na karatasi yake. Alilipa tena nusu ya bei ili abaki. Na kwenye ofisi fulani ya mtaa niliambiwa nilipe asilimia kumi ya bei ndipo wagonge mhuri. Nilipoomba stakabadhi, asilimia ikashuka yenyewe.

Sinza karatasi yako ni mkataba wa kurasa mbili na risiti ya kodi. Balaa lake kubwa ni notisi ya mwezi mmoja. Inauma, lakini unahamisha kitanda, huhamishi ukuta.

Jambo jingine la ardhi ni maji ya mvua. Dar es Salaam ina mabonde kuliko watu wanavyodhani: Msimbazi, Mzinga, Kizinga, Mpiji. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 waathirika wa bondeni walipelekwa Mabwepande. Lakini pembezoni nako kuna mabonde, tena yanakula kingo zake kila masika. Kiwanja cha bei ya kutupa karibu na korongo kina sababu ya kuwa cha bei ya kutupa. Agosti kila kiwanja ni kizuri.

Nani anabaki nyumbani?

Nimemsikiliza shemeji nusu saa nzima akinihesabia nauli yake, kiti chake, saa yake ya kuamka. Yeye yuko Kariakoo, duka la vifaa vya simu. Sikumsikia hata mara moja akitaja cherehani.

Mdogo wangu anashona. Amekaa kwenye baraza ya ile nyumba Sinza miaka sita, cherehani mbili na kioo kirefu. Wateja wake ni wasichana wa saluni za jirani, akina mama wa kitchen party, na mama mmoja wa kwaya anayeleta sare ishirini kwa mpigo. Mwezi mzuri ndiye anayelipa kodi ile ya 350,000, na mume wake anajua. Hakuna mteja atakayemfuata Mpiji Magohe kupunguza kiuno cha gauni. Huku nako wanawake wanavaa, kweli, lakini jina anaanza upya, na mwaka wa kwanza atashona viraka vya sare za shule. Toa hizo pesa za cherehani kwenye ile 206,400 uone kinachobaki.

Upande wa pili wa swali hilo hilo ni mama yangu. Alikuja kutoka Muheza akiwa mgonjwa. Sinza alikuwa anakaa kitandani akitazama ukuta wa jirani, na Ijumaa usiku muziki wa baa unamtetemesha mpaka saa nane. Huku alipewa jembe. Ana matembele, mchicha, mipapai minne, kuku kumi na kitu ambao anawajua kwa majina na hataki waliwe. Anazungumza na kila anayepita. Kwa mama, pembezoni ilikuwa dawa. Kwa mume wangu ilikuwa adhabu kwa miaka minne, mpaka alipopata kazi Kibaha. Siku hizi anaenda kinyume na foleni na anafika nyumbani kabla ya jua kuzama. Nyumba haikusogea hata hatua moja.

Watoto wako katikati. Wana mahali pa kukimbia, wanajua kupanda mwembe. Lakini basi la shule ya mbali linapita saa kumi na moja na robo, na nimeshuhudia mtoto wa darasa la pili akilala huku amesimama, kichwa kwenye geti, akisubiri honi. Ukihamia, hamisha na shule. Usimwache mtoto Sinza kimasomo na Mpiji Magohe kimalazi.

Majirani, nipite haraka. Sinza mnasalimiana kwenye ngazi. Huku tuna kundi la ulinzi shirikishi, kikoba, na zamu za kumpeleka mjamzito hospitali usiku. Mloganzila imesaidia sana watu wa upande huu, zamani ilikuwa Muhimbili au umwombe Mungu. Ila ukifiwa, watu wa kazini watakutumia rambirambi kwa simu. Wachache ndio watakaofika.

Nilichomshauri

Usichague bado. Kuna njia ya tatu ambayo watu wanaidharau kwa sababu haina jina la kujivunia: panga huku huku. Chumba na sebule Mbezi ya ndani, au kwetu, kodi yake ni ndogo mno kuliko Sinza, na wenye nyumba wa huku wengi hukubali ya miezi mitatu. Milioni 12 zibaki benki. Hamia Februari, kaa mpaka Mei masika yaishe. Katika miezi hiyo utajua barabara ipi inapitika, bonde lipi linafurika, boza linafika lini, na kama mgongo wako unaikubali safari. Mdogo wangu abaki na baraza yake Sinza kwanza. Aingie siku tatu kwa wiki, alipie nafasi ya cherehani tu, tuone wateja wangapi wanakubali kushonewa kwa miadi.

Kama mmoja wenu tu ndiye anayesafiri, na anayebaki ana kazi inayoweza kuota huku, nunueni, na mnunue mapema, kwa kuwa lami ikifika bei haitawasubiri. Kama wote wawili mnakula kutoka mjini, lipeni Sinza bila aibu, nunueni kiwanja kilichopimwa mahali fulani mkiache kipumzike, msijenge kwa haraka ya kukomoa mwenye nyumba.

Shemeji hakufurahi. Alitaka ndiyo au hapana. Lakini mdogo wangu alisoma ujumbe wote, akaniandikia neno moja tu, "Cherehani", na vicheko vitatu.

Wamepata chumba na sebule mitaa miwili kutoka kwangu. Juzi saa mbili usiku simu ikaita, shemeji, yuko Mbezi Mwisho, nasikia mvua inapiga bati la stendi na konda anapiga kelele. Anauliza kama bodaboda wanavuka lile korongo la kwetu usiku huu.

"Wanavuka, shemeji. Ila vua viatu kabla hujapanda."